Kifurushi cha Subira

Mdogo wangu ana kigugumizi. Nasema jambo hili mapema kwa sababu yeye mwenyewe hupenda lijulikane mapema, wateja wasije wakadhani simu imekatika. Ni fundi wa majokofu. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ya utotoni amekigeuza karakana: majokofu yaliyovuliwa milango yamepangwa ukutani, mengine yananguruma kwa majaribio, na katikati ipo meza nzito ya mbao yenye alama za moto wa kuchomelea. Chumba cha nyuma anakaa Mama, ambaye macho yake yalififia taratibu mpaka yakazimika kabisa. Mimi nimepanga mtaa wa pili, na kazi yangu ni kutoa fotokopi na kujalidi vitabu, kazi ambayo watu huiona ya upole mpaka waje siku nimeishiwa wino.

Tulipokuwa wadogo alitumwa dukani mafuta ya taa, akarudi na mafuta ya kupikia. Mwenye duka alikuwa na foleni, hakuwa na muda wa kungoja neno lifike mwisho, akalimalizia mwenyewe, na mdogo wangu akatikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa ni rahisi, kichwa hakina kigugumizi. Mara nyingine aliletewa chumvi akitaka sukari, akaitikia vilevile. Mama alipogundua kwamba mtoto wake anachaguliwa maisha na wenye maduka, alitukalisha wote chini akaweka sheria. "Mdomo ni wake," alisema. "Mwacheni atoe mwenyewe, hata chakula kiungue jikoni." Aliyemmalizia neno alifinywa sikio. Mimi nilifinywa sana, maana haraka nimezaliwa nayo.

Mchezo uliingia kwetu kupitia dukani kwangu. Mtu alileta kitabu kilichoachana kurasa, akataka nikijalidi, kisha akatoweka. Nilimngoja wee, mwishowe nikaanza kukisoma. Kilieleza mchezo wa mezani ambao mmoja anasimulia, na wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi: anasema anataka kufanya nini, na pale penye shaka dadu zinarushwa ziamue. Hakuna ubao wala mshindi. Kinachotakiwa ni meza, dadu, na watu wasioona haya kujifanya wengine. Meza tulikuwa nayo.

Tukawa wanne, kila Jumamosi mchana, karakana ikiwa imefungwa. Mimi nilisimulia. Mhasibu wa kiwanda cha mikate, mtu mwaminifu mpaka anakera, ambaye harudishi hata kalamu ya kuazima bila kukushukuru mara mbili, ndani ya mchezo alikuwa mwizi. Mshonaji, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa tabibu asiye na dawa. Tulipomuuliza mdogo wangu anataka kuwa nani, alizishika dadu mkononi, akafumba macho, tukangoja.

"M-m-mpiga mbiu," akasema.

Mhasibu aliangua kicheko, akakoma alipouona uso wangu. Lakini mdogo wangu naye alikuwa anacheka. Basi mji wetu wa kubuni, wenye malango na mnara na soko, ukapata mpiga mbiu ambaye habari zake zilichukua muda kufika. Adui alipofika langoni alilazimika kungoja atangazwe. Mwizi wetu aliwahi kusikia tangazo la kukamatwa kwake akiwa ameshakula, ameshalala, na ameshahama mtaa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, kwa sababu hakuna aliyemkatisha.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya meza yetu, na haikuwa kitabuni. Mwenye dadu mkononi ndiye mwenye neno. Mpaka azitue mezani, hakuna anayefungua mdomo. Tulisikiliza ule mlio wa dadu kugusa mbao ndipo tupumue. Mama aliletewa kiti mlangoni, akawa ndiye askari wa sheria. "Nani huyo anayekohoa?" alikuwa akiuliza. "Kohoa zamu yake ikiisha." Ndani ya miaka ile mdogo wangu alianza kupokea simu za wateja mwenyewe, akaanza kubishana bei ya vipuri, akamwambia mwenye duka mmoja kwamba hicho alichompa sicho alichotaka. Siku hiyo Mama aliimba.

Daktari alipomwambia Mama kwamba macho hayatarudi, alinishika mkono njia nzima. Tulipofika nyumbani alisema, "Mradi namsikia mwanangu, mengine nitayajua." Na kweli aliyajua. Alikuwa anausoma uso wake ndani ya kile kigugumizi. Akikwama mwanzoni mwa neno, kazi imekwenda vizuri, ana pupa ya kusimulia. Akikwama katikati, kuna jambo analificha. Mimi naweza kumdanganya Mama kutwa nzima, sauti yangu imenyooka na haina mlango wa kuingilia. Mdogo wangu hakuweza.

Kisha mume wa Mshonaji akahamishwa kikazi, mji wa mbali. Tulikaa mezani tumeshika tama kama tumefiwa. Mhasibu ndiye aliyeleta habari kwamba kampuni moja kubwa imeununua ule mchezo kwa walioutunga, vitabu havichapwi tena, na sasa wote wanaucheza kwenye simu, kila mtu kwake. Mshonaji angeweza kuwa nasi hukohuko aliko. "Ndiyo mustakabali wenyewe," Mhasibu alisema, na neno hilo likanikaa vibaya, lakini nani angesema hapana huku Mshonaji anafuta machozi kwa pindo la kanga? Tulikubali kwa sababu tunapendana. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika chumba kile.

Programu ilikuwa inasimulia yenyewe. Mimi nilitakiwa kuilisha tu mji wetu, mtaa kwa mtaa na mtu kwa mtu, halafu nikae pembeni niwe mchezaji. Niliilisha. Ilikuwa inashukuru kila baada ya sentensi, jambo lililonipa wasiwasi.

Jumamosi ya kwanza kila mmoja alikuwa kwake. Mdogo wangu, alivyonieleza baadaye, alikaa kwenye ileile meza peke yake, vidude vya kusikilizia vimeziba masikio, simu imeegemezwa kwenye kopo la misumari. Na dadu alizishika mkononi kama kawaida, ingawa programu ilikuwa inarusha za kwake. Zamu yake ilipofika, kwenye skrini kikatokea kiduara kidogo kikaanza kujaa rangi. Sisi tukanyamaza kumngoja. Kiduara kikajaa. Ile sauti nzuri ya programu ikasema, "Mpiga mbiu yuko kimya. Naendelea kwa niaba yake." Na ikatangaza, maneno yakateremka kama maji ya bomba, kwamba lango la kaskazini limevunjwa.

Hapo ndipo tulipofanya kitu ambacho nadhani hakuna wachezaji wengine duniani wangekifanya. Hatukusema lolote. Hatukuwa tumesikia dadu zikigusa mbao, kwa hiyo kwetu sisi alikuwa bado anazungumza. Mhasibu alingoja, Mshonaji kule mbali alingoja, mimi nikangoja nimebana pumzi, na mdogo wangu mwenyewe alikuwa bado anahangaika na herufi ya kwanza. Viduara vikajaa vyote. Programu ikaandika kwamba meza imefungwa kwa kuwa wachezaji hawapo.

Niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja. Niliandika kwa adabu, kisha nikafuta adabu nikaandika kama ninavyozungumza. Nilieleza kwamba mtu anayechelewa kusema hajaondoka. Jibu lilikuja papo hapo, likaniita mteja mpendwa, likasema limenielewa kabisa, na kwamba kwa mahitaji kama yangu kipo Kifurushi cha Subira, kinacholipiwa kila mwezi, kinachorefusha kiduara. Nililisoma mara ya pili nikiwa nimesimama. Kitu ambacho mama yangu alikitoa bure, kwa ncha za vidole vyake viwili kwenye sikio langu, kumbe kinauzwa. Nikaandika tena, na jibu likawa lilelile, hata koma zake.

Nikakilipia. Ningefanya nini? Kiduara kikapunguza mwendo, lakini hakikuondoka, na pembeni ya jina la mpiga mbiu pakatokea picha ndogo ya saa ya mchanga, ili wote wajue kwamba ukimya wa huyu umelipiwa. Mdogo wangu aliiona kabla yangu. Aliniuliza nani amelipa. Swali lenyewe lilimtoka kwa shida, na nilipokiri, aliweka dadu mfukoni akaenda kufungua jokofu ambalo halikuwa limeharibika.

Wiki iliyofuata alikuwa amemchukua Msemaji. Ndivyo kampuni ilivyokiita kifurushi kingine: unaandika, na sauti uliyoichagua inasema. Alichagua sauti ya mwanamume nzito, yenye tabasamu ndani yake. Jumamosi hiyo mpiga mbiu alipanda mnarani akatangaza habari za mji mzima, za vita na mazao na harusi ya mwizi, bila kukwama hata mahali pamoja. Mshonaji alilia kwa furaha. Mimi nilipiga makofi peke yangu chumbani kwangu. Alikuwa na furaha, siwezi kukana. Alipokuja kwangu kesho yake alikuwa anatembea kifua mbele.

Halafu akaanza kumtumia Msemaji kwa wateja. Simu ikipigwa, anaandika, sauti inajibu, na wateja waliokuwa wakikata simu sasa wakawa wanasifu huduma. Kazi ziliongezeka, majokofu yakajaa mpaka uani. Na mimi, kila nilipopita, nilisikia ile sauti yenye tabasamu ikizungumza na watu, na katikati yake ngurumo za majokofu, na ya mdogo wangu siisikii popote.

Nilikuwepo siku aliyomtumia kwa Mama. Aliingia chumba cha nyuma ameshika simu, na sauti ikasema, "Mama, nikuletee chai?"

Mama aligeuza uso, akaziweka sawa nguo zake. "Karibu, baba," alisema. "Huyu ni mgeni wa nani? Mbona hamkunambia kuna mgeni?"

"Ni mimi, Mama," sauti ikasema.

Mama akanyoosha mkono. Ulipapasa hewani, ukampata bega, ukapanda shingoni, ukafika mdomoni. Mdogo wangu akaandika kwa kidole kimoja, na sauti ikasema, "Usiogope, ni mimi," wakati vidole vya Mama viko juu ya midomo yake iliyofungwa. Mama aliuondoa mkono kama aliyeshika chuma cha moto. Chai ililetwa, ikapoa.

Nilimfuata karakana nikamwakia. Nilimwambia Mama hana macho, hana kingine cha kumwonea mwanawe ila sauti, na yeye anampa ya kukodi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaandika kwa muda mrefu.

"Dada," sauti ikasema, "hii ni mara ya kwanza watu wananisikiliza mpaka mwisho."

"Sisi tulikusikiliza! Miaka yote hiyo tulifanya nini mezani pale?"

"Mlinisubiri," sauti ikasema. "Si kitu kimoja."

Nilienda nyumbani nikiwa na hasira na kampuni, kwa sababu yeye sikuweza kumkasirikia.

Mama alijikaza. Alianza kuiita ile sauti "yule kijana". "Mwambie yule kijana aniletee maji." "Yule kijana ameshakula?" Tulicheka kidogo, kwa sababu alisema kwa mzaha, na mzaha wake ukatupa sote ruhusa ya kuzoea. Nikaona na yeye anazoea. Alikuwa anajibu upesi sasa, anauliza upesi. Mazungumzo yao yakawa mafupi na safi, yakaisha kabla chai haijafika nusu. Nilimuuliza siku moja kama bado anajua mwanawe yukoje. "Yuko vizuri," alisema. "Kila siku yuko vizuri." Aliegemeza kichwa ukutani, na nikatamani nisingeuliza.

Kisha asubuhi moja Msemaji hakusema. Kwenye skrini palikuwa na maandishi kwamba akaunti imesitishwa, kwa kuwa sauti za mchezo ni kwa matumizi ya ndani ya mchezo, na yeye ameonekana akizitumia katika biashara. Mhasibu alikuja na miwani yake akayasoma masharti yote, maana ndiye peke yake kati yetu anayeweza kusoma kitu kama kile bila kulala. Alipomaliza alivua miwani. Rufaa haikuwepo. Na sauti haikuwa yake, alikuwa ameikodi. Mji tulioulisha nao si wetu tena, ni wa kampuni, na malango yake, na mnara wake.

"Na mpiga mbiu?" nikauliza.

Mhasibu hakutaka kunionyesha. Nilimpokonya simu. Kwenye mji wetu, mchana huohuo, mpiga mbiu alikuwa mnarani anatangaza bei mpya za vifurushi. Programu ilikuwa inaendelea kwa niaba yake.

Nilidhani sasa atarudi kuzungumza. Mama naye alidhani hivyo, alisogeza kiti chake karibu na mlango. Lakini mdomo ule ulikuwa umekaa muda mrefu bila kazi, na kigugumizi kilichorudi si kile nilichokijua. Herufi ya kwanza ilimkaba mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Baada ya siku chache aliacha kujaribu. Alining'iniza kipande cha boksi mlangoni chenye maandishi ya kueleza bei zake. Wateja wakiuliza neno, alitikisa kichwa, na kazi ikapungua, na wengine walichukua jokofu ambalo halikuwa lao, naye akaitikia.

Mshonaji alipokuja kutembelea ndugu zake, nikaona hii ndiyo nafasi. Niliwaita wote Jumamosi mchana. Niliifuta meza mwenyewe. Nilizitafuta dadu nikazikuta ndani ya kopo la misumari. Mama nilimkalisha mezani kabisa safari hii, mkono wa kulia wa mwanawe. Sikuhitaji programu, mji wote ninao kichwani, mtaa kwa mtaa.

"Ni asubuhi," nikaanza. "Lango kuu limefungwa, na watu wamekusanyika chini ya mnara. Hawajui kulikoni. Anayejua ni mmoja tu, na hawajamsikia siku nyingi."

Nikamwekea dadu mkononi, nikavifunga vidole vyake juu yake.

Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akamgeukia Mama, na nikajua kwamba si mji aliotaka kuutangazia.

"M-m-ma-ma," alisema. Mama alisimamisha shingo. "Ni-ni... ni..."

Akakwama hapo. Tukangoja. Jokofu moja likazima ngurumo yake, chumba kikawa kimya kabisa. Na ndani ya kichwa changu, naapa sikukiita, kile kiduara kikatokea, kikaanza kujaa. Nilijaribu kukifukuza. Mshonaji alikuwa anatazama mapajani. Kidole gumba cha Mhasibu kilikuwa kinasugua suruali, pale panapokaa simu. Sote tulikuwa tunaona kimejaa, kimejaa zamani, na yeye bado yuko kwenye lile neno lake, midomo inatetemeka, mkono umezibana dadu mpaka umepauka.

"Nimechoka," Mama akamalizia.

Alilisema kwa upole, kwa sauti ya kumsaidia mtu kushuka ngazi. "Umechoka, mwanangu. Basi. Pumzika."

Hakuna aliyemfinya sikio. Sidhani hata alijua alichofanya. Mdogo wangu alibaki mdomo wazi, na neno lake, lolote lililokuwa, likiwa bado ndani. Sikutaka kulikisia, na silikisii sasa. Kisha akaufunga mdomo, akazitua dadu mezani taratibu, zikatoa mlio wao, na akatikisa kichwa kukubali, vilevile alivyokuwa akimtikisia mwenye duka.

Mama aliegemeza sikio upande wake. Aliusikia mlio wa dadu, lakini kichwa kikitikisika hakisikiki.

"Amesemaje?" akauliza.

Nilingoja mwingine ajibu. Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Amekubali, Mama," nikasema.